Mzaramo Aliyenililia Nikiwa Hai

Ugonjwa wangu haukuwa na kidonda wala homa, ndiyo maana hata kuusimulia ulinipa taabu. Mpaka leo watu wakiniuliza niliugua nini hasa, huwajibu kwamba niliugua kutoamka. Wengine hucheka. Sawa, wacheke, maana hata mimi nimeucheka sana ugonjwa ule tangu uliponiachia. Lakini wewe unayesoma haya umejifunika shuka na jua limeshafika utosini, wewe hucheki, na ni wewe ninayekuandikia. Sitakueleza ubongo unafanyaje kazi, kwa sababu sijui. Nitakueleza tu nilipopita.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, nasomea ualimu wa historia. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na mwanafunzi wa chuo kikuu hakuwa mtoto wa baba yake peke yake. Taifa zima lilikuwa linamsomesha, na kila mwenye kipaza sauti alitukumbusha hilo. Mtaani kwetu Tabora nilikuwa msichana wa kwanza kufika huko. Siku niliyoondoka nilisindikizwa stesheni hata na watu nisiowajua, na bibi mmoja alinishika mkono akaniambia nimsomee na yeye sehemu yake. Nikaitikia. Niliwaitikia wengi siku ile, na nadhani sehemu zao zote nilipanda nazo kwenye behewa.

Ulianza na usingizi kunikimbia. Baadaye usingizi ukarudi, ila ukarudi na ndugu zake wote, nikawa silali ila mchana, na nikilala siamki. Nilisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima bila kujua umesema nini. Magauni yakanipwaya. Mwenzangu wa chumbani, Gaudensia, msichana wa Bukoba mwenye sauti ya kuamsha bweni zima, alikuwa akiniletea chakula kutoka bwaloni, nami nakitazama mpaka kinapoa. Kabla ya likizo ya Desemba tulikuwa na mtihani wa muhula. Niliketi, karatasi ikawekwa mbele yangu, na moyo ukaanza kunidunda kwa nguvu hivi kwamba niliona haya, nikidhani jirani yangu anausikia. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilitoka mbio nikajificha chumba cha kufulia mpaka jioni, Gaudensia aliponikuta na kunipeleka zahanati ya chuo akiwa amenishika kiunoni.

Daktari wa chuo alikuwa mzee mpole. Aliamua nirudi nyumbani nikatibiwe hospitali ya Tabora, na chuo kikakubali kunishikia nafasi yangu mpaka Julai, mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa. Nikija na cheti cha daktari kwamba nimepona, ningerudia mwaka wa pili. Nisipokuja, nafasi angepewa mwingine, na ingekuwa haki yake. Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: Julai.

Baba alikuja kunichukua. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na safari nzima ya treni hakuniuliza kitu. Tulipofika Igalula, ambapo wachuuzi huzingira madirisha, alininunulia asali kwenye chupa, akanimiminia kidogo kiganjani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Niliilamba kwa heshima yake. Sikuusikia utamu, naye aliona usoni kwamba sikuusikia, akafunga chupa polepole na kutazama nje.

Nyumbani nilipokelewa na mvua na maembe. Mama alinipokea kwa mikono miwili na dawa za kila aina. Shehe wa mtaa alinisomea na kunipa kombe, maji yaliyoosha maandishi ya aya, ninywe. Bibi mzaa mama alileta mizizi kutoka kijijini, nikafukizwa chini ya blanketi mpaka macho yakawa mekundu. Hospitali nayo ikanipa vidonge. Kati ya shehe, bibi na hospitali, nilikuwa nikimeza na kunywa kutwa, na kila mmoja wao alimwambia mama kwamba dawa yake ndiyo itakayofanya kazi, hao wengine wanasindikiza tu.

Kliniki yetu, sisi wa maradhi ya akili, ilikuwa Jumatano. Tulikuwa na benchi letu mwisho wa baraza, na mji mzima ulijua wanaokaa pale wana nini. Mama, Mungu amrehemu, aliona aibu, akabuni njia: kila Jumatano alinifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini na kunikalisha kwenye benchi la wenye kuumwa meno. Watu wakanipa pole ya jino. Mwanamke mmoja alinifundisha kusukutua kwa maji ya chumvi na karafuu. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Sista Agnesi, muuguzi wa upande wetu, alipotoka na kuita jina langu kwa sauti, akaniona, akamwambia mama, "Mama, mfungue huyo mtoto. Huku kwetu hatung'oi." Benchi zima likaangua kicheko. Nakumbuka kwamba sikucheka, ila nilitamani kucheka, na hata kutamani kulikuwa jambo geni.

Vidonge vilinifanya nivimbe uso na kukaukwa mdomo. Mikono ikatetemeka. Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia baba uzi kwenye sindano, na jioni moja alinipa kama zamani. Nilijaribu mpaka uzi ukaloa mate. Akaichukua sindano kwa upole, akatunga mwenyewe, na tangu siku ile hakunipa tena. Wadogo zangu walikatazwa kucheka ndani. Baba akaanza kula kulekule kwenye kibaraza cha duka alikowekea cherehani. Mama na yeye wakazungumza kwa kunong'ona, tena kwa Kinyamwezi, kana kwamba mimi sikijui.

Nitasema na hili, bila kulipamba, kwa sababu huenda nawe unaliwaza. Nilianza kudhani kwamba nikiondoka duniani nyumba ile itapumua. Sikumwambia mtu. Nilikosea kutosema, na kama uko hapo, funga karatasi hii kwanza, nenda kamwambie mtu mmoja, halafu urudi tuendelee.

Sasa aingie Mama Tunu.

Mama Tunu alikuwa Mzaramo, mke wa fundi wa injini, anakaa kota za reli. Mwili mkubwa, kanga mbili, na kicheko kinachomtangulia njiani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na wazee husema utani wetu ulizaliwa njiani, tangu zile siku babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku bara mpaka pwani, wakifika kwao wamechoka na wana njaa. Mtani ana ruhusa ambayo hata mama yako hana. Atakutukana, atakunyang'anya sahani, na msibani wakati wengine wanalia yeye atachekesha, atazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe. Huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeshindwa.

Alikuwa amesikia kwamba binti wa fundi haamki. Mvua zilikuwa zinaanza kupungua, ni asubuhi, mama yuko uani, baba kazini, nami nimelala nimeutazama ukuta. Nikasikia mtu anaketi kwa kishindo mlangoni kwetu, barazani kabisa, upande wa barabara. Kisha akaanza kulia.

"Uwii, Mnyamwezi wangu kafa. Mizigo yangu nani atanibebea. Kafa na usomi wake, kafa na kichwa kilichojaa vitabu, na hata nazi moja hajanichukulia kutoka pwani."

Mama alitoka uani akamsihi anyamaze, si vizuri kumlilia mtu hai. Mama Tunu akamjibu kwamba mtu hai huonekana, yeye haoni mtu, anaona nyumba iliyonyamaza, na nyumba iliyonyamaza ina maiti. Akaendelea. Alikuwa na pumzi, yule mama. Alinililia kwa kupanda na kushuka, akataja sifa zangu za uongo na kasoro zangu za kweli, na waliokuwa wanampita karibu walishika mbavu kwa kucheka, maana walimwona uso.

Lakini waliokuwa mbali hawakumwona uso. Walisikia kilio tu, kinatoka nyumba yenye mgonjwa. Na Tabora kilio hakiulizwi mara mbili. Nikasikia miguu barabarani. Jirani wa kwanza alifika na mkeka. Wa pili alifika na sufuria kubwa la msibani. Mzee mmoja alikuja na kuni begani, akazitua na kuanza kuuliza kaburi litachimbwa upande gani. Ndani, chini ya shuka langu, nilisikia sauti ya mtu anayetoa udhuru kwamba kafanya haraka hata viatu hakuvaa.

Niliona haya. Sikuwa nimeona haya ya namna ile, haya ya mtu mzima mwenye afya, kwa muda mrefu. Watu wanatua kuni kwa ajili yangu na mimi nimelala. Sikumbuki kuamka. Nakumbuka tu nimesimama mlangoni na kanga yangu imefungwa ovyo, jua limenipiga machoni, na barabara nzima imenikodolea. Nikasema, "Sijafa." Sauti ilikuwa ndogo, nikasema tena.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Habari ilikuwa imemfikia dukani. Alikuwa anakuja anakimbia katikati ya barabara, mguu mmoja una kandambili na mmoja hauna, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na nguo ya mtu mwingine, nusu imeshonwa, ameishika mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akikimbia. Alifika mbele yangu akasimama, kifua kinampanda na kushuka, na hata Mama Tunu akaacha kulia.

"Nimeambiwa umekufa," alisema.

"Sijafa, baba."

"Usife," akasema, akaufunika uso wake kwa ile nguo ya mteja na kulia mbele za watu.

Kwa hiyo nikajua. Nyumba ile isingepumua. Nililijua hilo kwa macho yangu, barabarani, mbele ya mashahidi waliokuja na kuni, na tangu saa ile ule mnong'ono niliokuwa nao kichwani haukupata tena nguvu ya kunidanganya. Nilikuwa bado mgonjwa, usidhani niliponea pale. Lakini nilikuwa mgonjwa anayependwa, na nilikuwa najua.

Simshauri mtu ajaribu hili kwa mgonjwa wake. Mama Tunu alikuwa na haki ya utani na alikuwa na moyo wa kuibeba. Baba alipojifuta uso, Mama Tunu ndiye aliyerudi kwenye kazi yake. Akasema watani wakishalia hawaondoki bure, lazima alipwe fidia. Mama akaingia ndani kutafuta sukari. Mama Tunu akakataa sukari. Akaninyooshea kidole.

"Fidia yangu ni huyu maiti. Kesho alfajiri aje shambani. Mie napika uji wa vijana, nataka wa kunichochea moto."

Lilikuwa shamba la ujamaa la kata yetu, njia ya kwenda Ntalikwa. Vijana wa mtaa walikuwa wanakwenda huko alfajiri kwa mchakamchaka, wakikimbia kwa mstari na kuimba kama ilivyokuwa desturi mashuleni na kambini siku zile, na msimu ule walikuwa wameongezeka wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa likizo, maana nasi tulitakiwa kujenga taifa kwa mikono pia. Mama alitaka kukataa. Baba akasema deni la mtani halikataliwi. Nadhani lilikuwa neno lake la kwanza la furaha mwaka ule.

Kesho yake Mama Tunu alinipitia giza halijakatika. Tulikwenda mpaka njia panda, na pale aliniacha, akapanda baiskeli nyuma ya mumewe na sufuria lake, akasema yeye mwili haumruhusu kukimbia, tutaonana huko. Nilikuwa nimetegwa. Mbele yangu kulikuwa na vijana wamejipanga, wanaruka ruka kwa baridi.

Kiongozi wao alikuwa Petro, mtoto wa wakulima wa Choma, anayesomea kilimo chuo kilekile changu, likizoni akikaa kwa mjomba wake hapo mjini. Kijana mrefu mwembamba, kila mtu anamsalimu kwa "mwangaluka" hata Mwarabu wa dukani. Nilimwambia mimi siwezi kukimbia, nitawachelewesha. Akaniambia kwamba kwao anayechelewesha huwekwa mbele.

"Mbele kabisa?" nikauliza.

"Mbele kabisa, dada. Wewe ndiye utakayetuambia tuende vipi. Tukikuweka nyuma tutakupoteza, na Mama Tunu atatunyima uji."

Basi nikatangulia. Nilikimbia mpaka kwenye miti ya kwanza, nikaishiwa, nikatembea. Mstari mzima nyuma yangu ukatembea, na bado unaimba, umepunguza tu wimbo. Petro alikuwa anaanzisha, "Nani kaachwa?" na wao wanajibu, "Hayupo." Nilipokimbia tena wakakimbia. Nilipotembea wakatembea. Aibu iliniwasha mgongo mwanzoni, lakini hakuna aliyeonyesha kukereka, na baada ya muda niligundua kwamba nilikuwa nasubiri neno "hayupo" ili niweke mguu wangu juu yake. Nilifika shambani miguu inatetemeka badala ya mikono. Mama Tunu alikuwa ameshauchochea moto wake mwenyewe. Alinikabidhi bakuli la uji wa mtama, nikanywa nikaomba mwingine.

Kisha tukang'oa karanga. Nataka nikuambie kuhusu karanga, kwa sababu watu wakisikia habari yangu husifu kukimbia tu. Ukimaliza kukimbia pamoja na watu, pumzi inakuwa imewafungueni. Halafu mnainama, kila mtu na tuta lake, macho yako chini, mikono ina kazi, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Ni hapo watu huzungumza. Siku moja Petro, amenipa mgongo, akasimulia kwamba mwaka wa kwanza alikaa miezi hawezi kuingia chumba cha maabara bila kutapika. Msichana mmoja wa chuo cha ualimu akasema yeye hulia chooni. Mwingine akasema, kumbe. Ile "kumbe" yake ilinitibu kuliko kombe, na shehe anisamehe. Nilikuwa nimeamini kwamba katika taifa zima lililonisomesha mimi peke yangu ndiye niliyevunjika, na kumbe tulikuwa mstari mzima, tunakimbia na kuimba.

Mvua zikaisha. Majani ya barabarani yakakauka, asubuhi zikawa za baridi kali, na mimi nikawa naamka kabla ya Mama Tunu kufika. Jasho langu lilianza kunuka jasho, si dawa. Uso ukapungua, na nikapata misuli ya miguu ambayo mama aliitazama kwa mashaka. Aliogopa watu watasema binti wa Kiislamu anakimbia njiani gauni likipepea. Alikuwa na haki kuogopa, walikuwa wanasema. Baba alisikiliza mazungumzo yale jioni bila kuinua macho kwenye kazi yake. Asubuhi nilikuta suruali kwenye kiti changu, ya kitambaa kizito cha kijani, imepwaya kupita kiasi, kila mguu ungeweza kubeba debe la karanga, na kanzu fupi ya juu inayofika magotini. Nilipoivaa Mama Tunu alikaa chini njiani akacheka mpaka akalia, akauliza kama ndani tuko wawili. Niliivaa kila siku. Wiki zilizofuata wasichana wengine wawili wa mtaa walimpelekea baba kitambaa.

Bado Jumatano nilikwenda kliniki, bila kitambaa kidevuni, na kukaa benchi letu. Lakini hapa kuna sehemu isiyopendeza. Mwezi wa Juni, kwa jinsi nilivyokuwa mzima, nyumba nzima tuliamua vidonge vya nini tena. Mama alivifunga kwenye karatasi akaviweka juu ya kabati. Haikuchukua muda. Usingizi ukanikimbia, na asubuhi moja nikashindwa kuinuka, na nyingine. Mstari wote ulikuja kusimama mbele ya nyumba yetu ukaimba, na sikuweza. Ndiyo, walikuja, na sikuweza, na nililia kwa sababu niliwasikia wakiondoka polepole, kwa mwendo wangu.

Sista Agnesi alikuja nyumbani mwenyewe. Alimsikiliza mama, akapandisha mkono juu ya kabati, akateremsha vidonge. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kukimbia ni kuzuri, aendelee kila mwenye miguu, lakini anayesimamisha dawa ni daktari, si furaha. Nikarudi kwenye vidonge, na baada ya siku kadhaa nikarudi njiani, nikawekwa mbele. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Petro alianzisha wimbo kama kawaida, nami niliitikia huku nahesabu siku, kwa sababu Julai ilikuwa inakuja na sikujua tena kama nitafika.

Daktari wa kliniki aliniita mwishoni mwa Juni. Alinishika mikono, akaitazama. Akaniuliza nalalaje, nakulaje, na nikirudi chuo nitakimbia na nani. Sikuwa nimelifikiria hilo la mwisho. Nikamjibu kwamba nitawatafuta. Akasaini cheti, na kunipa barua ya kuchukua dawa zahanati ya chuo.

Treni ilipopita Igalula nilinunua asali, nikaila na matobolwa ya mama, vile viazi vya kukaushwa, nikanata mikono yote. Petro alikuwa behewa la pili, anasalimu watu.

Chuoni Gaudensia alinikumbatia hadi miguu ikaachana na sakafu. Nilimweleza yote usiku uleule, mpaka kitambaa cha wenye meno, naye alicheka kwa sauti yake ile, jirani wakagonga ukuta. Alfajiri tulitoka wawili. Yeye alichukia kukimbia. Alilalamika toka bwenini mpaka chini ya mlima na toka chini ya mlima mpaka bwenini, na kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni. Wasichana wa madirishani walitucheka. Mmoja aliyekuwa anatucheka akashuka kuona tunachokimbilia. Akaleta mwenzake. Tukamweka mbele yule mzito kuliko wote, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye alikuwa haongei na mtu, na kwa kuwa hatukuwa na karanga za kung'oa, tulifua nguo zetu pamoja baada ya kukimbia, macho kwenye beseni. Na huko kwenye beseni nilizisikia "kumbe" nyingi.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa Machi, na joto la Dar wakati huo hulielezi. Asubuhi ya karatasi ya kwanza sikutaka kukimbia, nilitaka kurudia maelezo yangu. Wenzangu hawakunibishia. Walikaa tu ngazini na viatu vyao vya mpira wakinisubiri, wakitaniana, mpaka nikafunga daftari. Tulipanda ule mlima taratibu, nilipokuwa juu moyo unanidunda nikauwekea mkono, nikangoja utulie, ukatulia.

Kisha nikaoga, nikavaa, nikaenda kuketi.

Karatasi ikawekwa mbele yangu, na moyo ukaanza. Uleule, kwa nguvu ileile. Jasho likanitoka viganjani, masikio yakaziba, na mlango ulikuwa pale, wazi. Niliutazama. Halafu nikauweka mkono kifuani kama nilivyokuwa nimeuweka mlimani asubuhi, kama nilivyouweka mara nyingi njia ya Ntalikwa, na nikautambua. Haukuwa moyo wa mtu anayekufa. Ulikuwa moyo wa mtu aliyepanda mlima, na mimi moyo wa namna ile nilikuwa najua kuusubiri. Sikupigana nao. Nilikaa, nikauacha upige, nikapumua kwa hesabu ya miguu yetu, mpaka ulipochoka.

Nikasoma swali la kwanza. Liliuliza kuhusu misafara ya bara na pwani, na watu walioiendesha. Nikainama, nikaandika. Niliandika ukurasa, nikaomba karatasi nyingine, nikaandika, jirani yangu aliondoka, na mwingine, upepo wa feni unageuza kona za karatasi zangu na mimi nazikandamiza kwa kiwiko na kuendelea.

Kengele ililia. Msimamizi alikuja mpaka kwenye meza yangu, akaniambia niweke kalamu chini. Akasubiri. Akaniambia tena.